Dawa Isiyo na Bei

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo ni ya kweli tupu. Ndani yake mna udongo wa Japani, panya wenye minyoo, kampuni kubwa ya Marekani, na fimbo ya kupimia kimo.

Tuanzie mtoni. Kwenye mito iendayo kasi hapa Afrika huzaliana inzi mdogo mweusi aitwaye usubi. Akimuuma mtu aweza kumwachia vimelea vinavyokua na kuwa minyoo chini ya ngozi. Mnyoo jike mmoja huishi miaka kumi na zaidi, na muda wote huo huzaa vijinyoo visivyoonekana kwa macho. Vijinyoo hivyo husambaa mwilini. Ngozi huwasha hadi mtu hapati usingizi. Vikifika machoni, mtu huanza kuona ukungu, na baada ya miaka, giza.

Kule Afrika Magharibi, kwenye bonde la mto Volta, mzee kipofu alishika ncha moja ya fimbo na mtoto akashika ncha ya pili, akamwongoza kutwa. Mtoto yule hakwenda shule. Watu walihama mashamba yenye rutuba kando ya mto kwa kuogopa upofu. Hapa Tanzania ugonjwa huu wa usubi uliwatesa watu wa Mahenge, Tukuyu na Usambara.

Sasa twende mbali. Miaka ya 1970, mwanasayansi wa Japani, Satoshi Ōmura, alikuwa akikusanya udongo ili achunguze bakteria waliomo. Sampuli moja, iliyotoka karibu na mji wa Ito, ilimpa bakteria wa ajabu. Akawatuma Marekani, kwenye maabara ya kampuni ya dawa ya Merck. Huko William Campbell na wenzake wakawapa panya wenye minyoo kile bakteria hao walichotengeneza, na minyoo ikatoweka. Kutokana na hapo ikapatikana dawa ya ivamektini. Ikauzwa kwa ajili ya ng'ombe, farasi na kondoo, nayo Merck ikapata fedha nyingi.

Campbell akajiuliza kama dawa hiyo ingeweza kumfaa binadamu mwenye usubi. Mwaka 1981 daktari wa kampuni, Mohammed Aziz, aliipeleka Senegal kwa majaribio. Vijinyoo kwenye ngozi za wagonjwa vilipungua mno kwa dozi moja tu.

Hapo ndipo mtihani ulipoanza. Kampuni ya dawa huishi kwa kuuza, na waliohitaji dawa hii hawakuwa na cha kununulia. Mkuu wa Merck, Roy Vagelos, alitafuta serikali au shirika la kuilipia, asipate. Basi tarehe 21 Oktoba 1987 akatangaza kwamba Merck itaitoa bure, kwa yeyote anayeihitaji, kwa muda wote itakapohitajika.

Yashikeni maneno hayo ya mwisho, kwa maana uzito wa hadithi yote umo humo. Ivamektini huua vijinyoo, lakini mnyoo mzazi hubaki hai. Ni kama kufyeka magugu na kuacha mizizi: mvua ikinyesha, yanachipua. Kwa hiyo dawa lazima imezwe angalau mara moja kila mwaka, miaka mingi mfululizo, mpaka minyoo mizee ife bila kuambukiza wengine. Kampuni ingeleta dawa mwaka mmoja, ikapiga picha na kuondoka, isingekomboa macho ya kijiji chochote.

Hata hivyo, dawa bure si dawa mdomoni. Nani angeifikisha kwenye kijiji kisicho na barabara wala zahanati? Serikali, Shirika la Afya Duniani na mashirika ya hisani yalishirikiana kuisafirisha na kutoa mafunzo. Kisha wanakijiji wenyewe wakakutana, wakachagua wagawa dawa kutoka miongoni mwao. Vijijini mizani ya kupimia uzito ilikuwa adimu, basi ikatumika fimbo yenye alama. Unasimama wima kando yake, na kimo chako kinaonyesha umeze tembe ngapi, kuanzia moja hadi nne. Asiyefika sentimita 90 hapewi, na mama mjamzito pia husubiri. Mgawa dawa huyo ni mkulima kama jirani zake, huacha jembe lake apite nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1998 Merck iliongeza msaada ili dawa hiyo itumike pia dhidi ya matende na mabusha, pamoja na albendazo iliyotolewa bure na kampuni nyingine. Ndiyo kingatiba mnayoisikia ikitangazwa na wahudumu wa afya. Mwaka 2013 Kolombia ilithibitishwa kuwa nchi ya kwanza duniani kuutokomeza usubi. Mwaka 2015 Ōmura na Campbell walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Na Januari 2025 Niger ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa.

Mtaniuliza: je, kampuni haikufaidika? Ilifaidika. Ilipata jina jema, na dawa ya mifugo iliendelea kuiingizia fedha. Wala hilo halifuti wema wake. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naongeza kwamba moyo huo hupimwa kwa miaka.

Kwa hiyo siku kampuni itakapokuja shuleni kwenu na zawadi, iwe madawati, kisima au vitabu, shukuruni kwa adabu. Kisha ulizeni. Je, mlituuliza tunahitaji nini? Pampu ya kisima ikiharibika, nani ataitengeneza? Mwaka kesho mtakuwepo? Nasi wenyewe tutafanya nini ili zawadi hii idumu? Maswali hayo si utovu wa shukrani. Mtoaji wa kweli atafurahi kuyajibu, na kijiji kinachoyauliza ndicho kitakachofaidi zawadi yake kwa muda mrefu.