Makaburi Yaliyoachwa na Haki ya Askari Aliyekufa Vitani

Katika viwanja vingi vya makaburi nchini Ufaransa yako mawe yaliyochorwa maneno ya kuonyesha kwamba pahali hapo pametolewa kwa milele. Hata hivyo, mbele ya baadhi ya mawe hayo huwekwa kibao kidogo cha mji, kinachowataka jamaa wa marehemu wafike ofisini kwa meya. Maana yake ni kwamba kaburi limeonekana limeachwa, na mji waweza kulitwaa. Jambo hili lawahusu raia wote, lakini kwa watu wa jeshi na polisi lina uzito wa pekee, kwa kuwa miongoni mwa makaburi yanayokabiliwa na hatari hiyo yamo ya askari waliokufa vitani.

Asili ya mambo haya ni amri ya Napoleon ya tarehe 12 Juni 1804. Kabla ya hapo maiti walikuwa wakirundikwa katika mashimo ya pamoja, karibu na makanisa na nyumba za watu, hata miji ikahofia maradhi. Amri hiyo iliagiza kwamba maziko yafanywe nje ya miji, kila maiti apewe shimo lake, na shimo lisifunguliwe kwa maziko mengine kabla ya miaka 5 kupita. Muda huo wa miaka 5 ungali ukifuatwa kwa wanaozikwa bure katika sehemu ya umma. Wanaotaka muda mrefu zaidi hulipia kiwanja cha miaka isiyozidi 15, cha miaka 30, cha miaka 50, au cha milele. Ardhi yenyewe haiuzwi; kinacholipiwa ni haki ya kuitumia. Muda ukiisha, jamaa wana miaka 2 ya kuja kuuongeza, na wasipokuja kiwanja hurudi kwa mji.

Taabu kubwa ilikuwa katika viwanja vya milele. Jamaa huhama, koo hukatika, na kaburi hubaki bila mtu wa kulitazama. Ndiyo sababu sheria ya tarehe 3 Januari 1924 iliipa miji uwezo wa kuvitwaa viwanja hivyo vikiachwa. Lakini uwezo huo umefungwa kwa masharti. Kiwanja lazima kiwe kimetimiza miaka 30, tena pasiwe na mtu aliyezikwa humo katika miaka 10 ya mwisho. Jamaa wanaojulikana hupelekewa barua mwezi mmoja kabla ya ukaguzi, na wasipojulikana tangazo hubandikwa penye ofisi ya meya na penye lango la makaburi.

Siku ya ukaguzi meya au mjumbe wake hufika pamoja na askari polisi, na hati huandikwa papo hapo kueleza hali ya kaburi. Kuwapo kwa askari huyo ni ulinzi wa asiyeweza kujitetea, maana anashuhudia kwamba kilichoandikwa ndicho kilichoonekana. Baada ya hapo jamaa hupewa muda wa kulitengeneza kaburi. Zamani muda huo ulikuwa miaka 3, lakini sheria ya Februari 2022 iliupunguza ukawa mwaka 1. Kaburi likiendelea kuachwa, halmashauri ya mji huamua, meya hutoa amri, na siku 30 baadaye mawe yaweza kuondolewa. Mabaki ya marehemu hayatupwi: kwa kawaida huhamishiwa katika nyumba ya mifupa iliyotengwa daima kwa kazi hiyo, na majina huandikwa katika daftari ambalo kila raia anaweza kulisoma.

Sasa yafaa kutazama hali ya askari. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Ufaransa ilipoteza karibu askari 1,400,000. Sheria ya tarehe 29 Desemba 1915 iliwapa waliokufa kwa ajili ya nchi haki ya kulala daima kwa gharama ya serikali. Vita vilipokwisha, wazazi na wajane wengi walitaka maiti wao warudishwe nyumbani, na sheria ya tarehe 31 Julai 1920 iliwakubalia. Zaidi ya askari 200,000 walirudishwa kwa gharama ya serikali wakazikwa vijijini kwao. Lakini tangu hapo kaburi likawa mzigo wa jamaa, na serikali ikaondokewa na wajibu wa kulitunza.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa mambo. Askari aliyebaki na wenzake karibu na medani ya vita, hata kama hakuna ndugu anayemjua, kaburi lake lafagiliwa na serikali mpaka leo. Askari aliyerudishwa kwa mama yake alipata ulinzi wa miaka 50 tu tangu siku ya kuzikwa. Kwa wale wa vita vya kwanza muda huo ulikwisha kabla ya 1980. Mama alikwisha kufa, na wajukuu wako mbali. Chama cha Le Souvenir français, kilichoanzishwa 1887, hushirikiana na miji kuyakarabati makaburi hayo, au kuwakusanya askari hao mahali pamoja chini ya majina yao.

Mji wenye watu wengi hauwezi kumnyima pahali maiti wa leo kwa ajili ya jiwe lisilo na mwenyewe, na sheria yenye matangazo, shahidi na daftari haistahili kuitwa sheria ya ukatili. Upungufu wake ni kwamba hutazama zaidi ni nani anayelitunza kaburi kuliko ni nani aliyelala ndani yake. Raia aliweza kuwategemea wanawe. Askari wengi walikufa kabla ya kupata wana, kwa sababu nchi iliwaita wakiwa vijana. Kwa hiyo deni la kaburi lao ni la nchi iliyowaita, popote walipozikwa, na halipasi kuhesabiwa kuwa limelipwa ati kwa sababu mama aliomba mwanawe arudi nyumbani.