TEGU WA TAA NA FUNZO LA LULU

Wako wanaocheka wasikiapo kwamba msomi mzima ameinamia hadubini akihesabu kulabu za mnyoo aliyetoka katika utumbo wa taa. Huuliza: kazi hiyo itamshibisha nani? Sisi twaliona swali hilo kuwa halali, kwani fedha za umma hazitolewi kwa mzaha.

Kwanza tumwondolee hofu mlaji. Tegu waliokomaa wa taa huishi katika utumbo wa samaki huyo, wala si katika nyama yake. Tegu wa samaki ajulikanaye sana kwa kumsumbua binadamu ni wa kundi jingine, na hupatikana hasa katika samaki wa maji baridi wasiopikwa vyema. Taa aliyetolewa matumbo, akasafishwa na kuiva, ni kitoweo chema.

Lakini tegu hao si wa namna moja. Aina zilizokwisha kupewa majina katika papa na taa zapata kama 1,000. Hutambulikana kwanza kwa kichwa: wako wenye mikono minne myembamba iliyojaa kulabu, na wako wenye vishikio laini mfano wa majani. Kisha hutazamwa pingili, idadi ya korodani zilizomo, na mahali lilipo tundu la uzazi. Siku hizi kipande cha mnyoo huhifadhiwa katika spiriti ili vinasaba vyake visomwe. Kwa njia hizo, mwaka 2009 wataalamu walitenga oda mpya, Rhinebothriidea, ambayo wengi wa tegu wake hukaa katika taa.

Aidha, tegu wengi wa taa hushikamana na aina moja tu ya mwenyeji. Kwa hiyo anayekosea jina la taa hulikosea na la mnyoo. Na kukosea ni rahisi: taa wa madoa ya buluu aliyeitwa Neotrygon kuhlii kote katika Bahari ya Hindi na Pasifiki alibainishwa mwaka 2016 kuwa ni aina kadhaa zilizofichwa chini ya jina moja.

Hasara ya jina la haraka twaiona katika historia ya kisiwa kingine cha bahari yetu hii. Mwanzoni mwa karne ya ishirini serikali ya kikoloni ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, ilimwita Profesa W. A. Herdman wa Liverpool achunguze chaza wa lulu waliokuwa wakipungua. Ripoti yake ilitolewa kwa sehemu tano, kati ya 1903 na 1906. Ndani yake ilidaiwa kwamba lulu nzuri hujengwa kuuzunguka mwili wa kiluwiluwi wa tegu, ambaye hukomaa ndani ya taa. Mwaka 1904 Shipley na Hornell wakampa mnyoo huyo jina lenye maana ya mtengeneza lulu, wakamweka katika kundi la wenye mikono minne. Mwaka 1912 H. Lyster Jameson aliipinga nadharia hiyo kwa nguvu, na watafiti wa baadaye wakawahesabu viluwiluwi wale katika jenasi Tylocephalum, ambayo ni ya kundi jingine kabisa. Hatusemi kwamba mnyoo ndiye aliyekomesha uvuvi wa lulu. Twasema kwamba matumaini ya serikali yalijengwa juu ya jina ambalo halikuwa limehakikishwa.

Tufanyeje basi? Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978, na tunao wavuvi wanaowajua taa kwa sura na kwa majina ya kwao. Twawaomba wakuu wa idara zinazohusika na uvuvi wahakikishe kwamba nyenga, pungu na wengineo hawaandikwi wote kuwa taa katika daftari za madikoni. Kila mnyoo anayehifadhiwa aambatane na picha ya samaki aliyetoka, mahali alipovuliwa na tarehe. Mvuvi naye asinyimwe habari: aelezwe kilichoonekana katika samaki wake, kwa lugha anayoielewa.

Gharama ya chupa, spiriti na daftari ni ndogo. Ya kutunga mipango juu ya jina lisilo sahihi ni kubwa zaidi. Mdharau mwiba mguu huota tende.