Upasuaji Unapoleta Madhara: Tushitaki au Tusishitaki?

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 43 alifika kliniki kwetu akiwa amejifunga kanga mbili kiunoni, na ya tatu ameikunja mkobani. Wiki sita kabla ya hapo alikuwa ametolewa mfuko wa uzazi katika hospitali nyingine kwa sababu ya uvimbe. Tangu siku ya tisa baada ya upasuaji mkojo ulikuwa ukimvuja mchana na usiku, ilhali haja ndogo alikuwa akienda kama kawaida. Mumewe alisubiri nimalize kumpima, kisha akauliza swali ambalo sikufundishwa chuoni namna ya kulijibu: “Daktari, tushitaki?”

Sikumjibu siku hiyo. Mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu hupita chini ya ateri ya mfuko wa uzazi, kiasi cha sentimita mbili tu kutoka kwenye shingo ya mfuko huo. Mpasuaji stadi, mwenye uangalifu wote, anaweza kuujeruhi. Nami nimewahi kuujeruhi. Bahati nzuri niligundua mgonjwa akiwa bado mezani, ukashonwa, na jioni nikaenda kitandani kwake kumweleza. Jeraha peke yake, basi, halithibitishi uzembe. Mahakama huuliza iwapo daktari alitenda kama ambavyo daktari mwenye ujuzi wa kawaida katika fani hiyo angetenda. Kipimo hicho, kilichowekwa Uingereza mwaka 1957 katika shauri la Bolam, kingali na uzito katika nchi zilizorithi mfumo wake wa sheria, Tanzania ikiwemo.

Yapo makosa yasiyohitaji mjadala mrefu. Mwaka 2007, katika hospitali kubwa ya Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishwa: aliyepaswa kupasuliwa goti akapasuliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa goti. Kitambaa kilichosahaulika tumboni ni wa kundi hilohilo. Lakini malalamiko mengi ninayoombwa kuyatolea maoni hayako hivyo, na hapo ndipo ninapowaambia wagonjwa waache kwanza kuutazama mkono wa mpasuaji, watazame yaliyofuata.

Jalada la mama huyu lilieleza mengi. Siku ya tatu alilalamika maumivu ya ubavu wa kulia, akawa na homa. Muuguzi aliandika. Daktari wa zamu aliandika maneno mawili: “Anaendelea vizuri.” Hakuna altrasaundi ya figo iliyoombwa, na siku ya tano aliruhusiwa kwenda nyumbani. Fomu ya ridhaa ilikuwa na sahihi yake, lakini alisema aliiweka akiwa tayari mlangoni pa chumba cha upasuaji, na hakuna aliyemtajia kibofu wala mrija. Hayo ndiyo ya kumpelekea wakili.

Kabla ya wakili kuna jambo la kuamua: mgonjwa anataka nini? Anayetaka maelezo aanze kwa kuuandikia uongozi wa hospitali. Anayetaka mwenendo wa daktari uchunguzwe apeleke lalamiko Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo linaweza kumsimamisha daktari au kumfuta kwenye rejista. Fidia ni kazi ya mahakama. Huko atahitaji shahidi mtaalamu wa kueleza kwamba uzembe ndio ulioleta madhara, na nakiri kwa aibu kwamba sisi madaktari huwa wazito kusimama kizimbani dhidi ya wenzetu. Muda nao haungoji: kwa Tanzania Bara, madai ya uzembe yanapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3, na iwapo hospitali ni ya serikali, notisi ya siku zisizopungua 90 hutangulia. Asiye na uwezo anaweza kutafuta msaada wa kisheria chini ya sheria ya mwaka 2017. Nakala ya jalada iombwe mapema, kwa maandishi.

Kwa wenzangu wa wodini: jalada lisiguswe baada ya lalamiko. Neno lililoongezwa usiku huharibu hata utetezi uliokuwa wa haki. Na orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani isitiwe alama za vema upasuaji ukiwa umekwisha. Ifakara ilikuwa miongoni mwa miji minane iliyoijaribu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Mama yule tulimpandikiza mrija upya, na mkojo ukakoma kuvuja. Barua kwa hospitali waliiandika wenyewe, kwa mkono, ikiwa na maswali matatu. Waliitwa, wakaketi na mpasuaji, wakajibiwa mawili. La tatu, la siku ile ya tatu, halikupata jibu. Mwezi uliopita mumewe alirudi kuniuliza kama nitakubali kuwa shahidi. Nimekubali. Bado wana mwaka mmoja na miezi kadhaa ya kuamua.