Kumwendea Mwalimu Mkuu kwa Ajili ya Afya ya Wanafunzi

Wanachuo wengi, wakiwa katika mazoezi ya kufundisha, huingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu na mpango mzuri wa afya, wakatoka mikono mitupu. Tuliwahi kumpeleka mmoja katika skuli iliyo kusini ya msitu wa Jozani. Alieleza kwa ufasaha madhara ya kichocho na manufaa ya dawa yake. Mwalimu Mkuu akamsikiliza hata mwisho, kisha akauliza: "Wangapi katika watoto wangu wanakojoa damu?" Mwenzetu akanyamaza.

Swali lile lilikuwa la haki. Hapa Unguja kichocho kimeshika zaidi kaskazini na katikati, mathalan Chaani na Kinyasini, kwa kuwa ndiko aliko konokono anayekieneza. Kusini nako wamo konokono wa maji baridi, lakini ni wa jamii nyingine, ambamo vijidudu vya kichocho cha huku havistawi. Basi hotuba ya Chaani haifai kusini ya Jozani. Huko ni afadhali kuanza na minyoo, vyoo na maji ya kunawia, mambo ambayo mwanachuo aweza kuyahesabu mwenyewe: matundu mangapi ya choo, kwa wanafunzi wangapi, na bomba liko umbali gani.

Ikiwa haja ni kugawa dawa, Mwalimu Mkuu ana hofu nyingine, nayo si ya kubeza. Mwaka 2008, huko Morogoro, ugawaji wa dawa za kichocho na minyoo mashuleni ulizusha uvumi kwamba watoto wanadhuriwa, na fujo zikatokea. Mzazi mwenye hasira haendi wizarani, huja skuli. Kwa hiyo tusimwombe Mwalimu Mkuu ruhusa tupu. Tumwonyeshe kwamba sheha, kamati ya skuli na walimu wa madrasa wataarifiwa kabla, kwamba mhudumu wa kituo cha afya atakuwapo siku hiyo, na kwamba wazazi wataambiwa wazi kuwa dawa ya kichocho huweza kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo. Neno hili la mwisho wanachuo hupenda kulificha, wakidhani litaharibu shauri. Kwa maoni yetu, ndilo linalomtuliza Mwalimu Mkuu kuliko yote.

Fedha hana, tusimwombe. Tumwombe vipindi viwili na mwalimu mmoja, na tumwachie yeye kuchagua tarehe. Dawa hiyo yafaa imezwe baada ya chakula, naye ataona upesi kuliko sisi kwamba siku tuliyoipanga imeangukia Ramadhani.