Kazi ya Kipa Inayotangulia Shuti

Mlinda mlango, ambaye wapenzi wa soka humwita kipa au golikipa, ndiye mchezaji pekee anayeruhusiwa kuugusa mpira kwa mikono wakati mchezo unaendelea, na kwa sababu hiyo watu wengi huipima kazi yake kwa mikono: amedaka au hakudaka, ameruka au amesimama tu akiutazama mpira ukitikisa nyavu. Kipimo hicho ni chepesi lakini kinapotosha, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi hiyo huwa imekwisha kufanyika kabla mpira haujapigwa, katika hatua mbili tatu za kujipanga ambazo kamera ya televisheni, inayomfuata mwenye mpira, mara nyingi haizioneshi. Kipa aliyejipanga vizuri huletewa mpira kifuani, na mtazamaji husema kwamba mshambuliaji amepiga ovyo. Aliyechelewa kwa hatua moja hulazimika kujirusha ili aufikie mpira uleule, naye ndiye anayepigiwa makofi.

Hesabu ya kujipanga ni ya pembe. Lango lina upana wa mita 7.32 kati ya nguzo na nguzo, na kimo cha mita 2.44 kutoka ardhini hadi kwenye mtambaa panya, yaani mti unaolazwa juu ya nguzo hizo mbili. Mshambuliaji akiwa katikati, mita 16 kutoka langoni, kipa aliyebaki kwenye mstari wake ana upana wote huo wa kuulinda. Lakini akisogea mita 4 kumwelekea mpigaji, upana unaobaki mahali aliposimama hupungua hadi kiasi cha mita 5.5, kwa sababu njia mbili za mpira zinazoelekea kwenye nguzo hukaribiana kadiri zinavyoukaribia mguu wa mpigaji. Kitendo hicho makocha hukiita kupunguza pembe, nacho kina gharama zake. Shuti lenye kasi ya kilomita 90 kwa saa, ambalo lingechukua zaidi kidogo ya sekunde 0.6 kufika kwenye mstari, sasa litamfikia kipa kwa chini ya sekunde 0.5, na tena nyuma yake pamefunguka nafasi ambayo mpigaji mwenye utulivu anaweza kuitumia kwa kuuinua mpira juu ya kichwa chake. Kwa hiyo hakuna mahali pamoja palipo sahihi wakati wote. Kila mpira unaposogezwa upande mwingine, mahali hapo huhama, na kipa huhama napo kwa hatua fupifupi, akijitahidi miguu yote miwili iwe imetua chini wakati mpira unapopigwa, kwa kuwa mtu aliye katikati ya hatua hawezi kuruka.

Mpira ukishapigwa, hubaki uamuzi wa namna ya kuuzuia. Kudaka ni kuushika mpira ukatulia mikononi, na kupangua ni kuusukuma nje ya njia yake pale ambapo kuushika hakuwezekani au ni hatari; kinachotofautisha kipa mzoefu na asiye mzoefu ni kwamba wa kwanza hupangulia pembeni au juu ya mtambaa panya, ilhali wa pili huurudisha mpira katikati, miguuni mwa mshambuliaji mwingine.

Penalti huonekana kuipinga hoja hii, kwa maana hapo sheria imemnyima kipa haki ya kujipanga. Mpira huwekwa mita 11 kutoka langoni, na kipa anatakiwa awe na angalau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari, usawa nao au nyuma yake, wakati mpira unapigwa. Mpira unaokwenda kilomita 100 kwa saa huimaliza safari hiyo kwa sekunde 0.4 hivi, muda usiomtosha binadamu kuona, kuamua na kuufikia mpira ulioelekezwa kwenye kona, na ndiyo maana makipa wengi huchagua upande kabla ya mguu wa mpigaji kuugusa mpira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Michael Bar-Eli na wenzake wa Israeli, waliochunguza penalti 286, ulionesha kwamba makipa walibaki katikati katika asilimia 6.3 tu ya penalti hizo, ingawa zaidi ya robo ya mipira ilipigwa katikati, na ingawa waliobaki katikati waliokoa takriban theluthi moja ya penalti zao, huku walioruka kulia au kushoto wakiokoa chini ya asilimia 15. Maelezo ya watafiti hao ni kwamba bao linalomkuta kipa amesimama humletea lawama kuliko bao linalomkuta ameruka upande usio wake, hivyo kuruka humlinda yeye kuliko linavyolindwa lango. Ni kweli kwamba makipa wote wakianza kusimama, wapigaji nao wataacha kupiga katikati. Hata hivyo takwimu hizo zinaonesha jinsi macho ya watazamaji yanavyoweza kuingia ndani ya uamuzi wa mtaalamu.

Hakuna aliyeonja ukali wa macho hayo kama Moacir Barbosa, kipa wa Brazili katika mchezo wa mwisho wa Kombe la Dunia wa tarehe 16 Julai 1950, uliochezwa katika uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro mbele ya umati unaokadiriwa kufikia watu 200,000. Brazili, iliyohitaji sare tu ili itwae ubingwa, ilikuwa ya kwanza kupata bao, lakini winga wa Uruguay, Alcides Ghiggia, alipenya upande wa kulia na kumpasia Juan Schiaffino, aliyesawazisha dakika ya 66. Dakika ya 79 Ghiggia alipenya tena upande uleule. Barbosa, akiwa na kumbukumbu ya bao lililotangulia, alisogea kidogo ili aiwahi pasi ya kuelekea katikati, na Ghiggia akapiga moja kwa moja katika nafasi iliyoachwa kati ya kipa na nguzo ya karibu. Kwa kanuni za kazi yenyewe, alichokifanya Barbosa kilikuwa usomaji wa mchezo wenye mantiki, nao ulikosea kwa pengine hatua moja. Kwa taifa lake kilikuwa kosa lisilosameheka, na lawama hiyo ilimwandama mpaka alipofariki mwaka 2000. Mabeki waliomwacha winga yuleyule apenye mara mbili hawakubebeshwa mzigo wa namna hiyo.

Sheria nazo zimekuwa zikiibadilisha kazi hii, na karibu kila mara zimempunguzia kipa mamlaka ya mikono. Mpaka mwaka 1912 aliruhusiwa kuushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Mwaka huo haki hiyo ikabanwa ndani ya eneo la penalti. Mwaka 1992, baada ya malalamiko mengi kuhusu timu zilizokuwa zikipoteza muda kwa kumrudishia kipa mpira, alikatazwa kuudaka mpira aliopasiwa kwa mguu na mwenzake kwa makusudi. Tangu msimu wa 2025/26, anayeung'ang'ania mpira mikononi kwa zaidi ya sekunde nane huwapa wapinzani kona. Badiliko la 1992 ndilo lililozaa kipa wa kizazi cha sasa, ambaye hutakiwa kupiga pasi kama beki na kutoka nje ya eneo lake kuufagia mpira unaopigwa nyuma ya walinzi. Katika Kombe la Dunia la 2014, Manuel Neuer wa Ujerumani alitoka hivyo mara kadhaa dhidi ya Algeria, na bila kutoka kwake washambuliaji wa Algeria wangebaki wao na lango.

Ajira ya kipa ina ugumu ambao wachezaji wa nafasi nyingine hawaujui sana, nao ni kwamba nafasi ni moja. Winga wa akiba anaweza kuingizwa kwa dakika 15 za mwisho, lakini kipa namba mbili huweza kumaliza msimu mzima akipasha misuli moto, akisubiri mwenzake aumie au aoneshwe kadi nyekundu. Tarehe 14 Oktoba 2006, Petr Čech wa Chelsea alivunjika fuvu la kichwa mwanzoni kabisa mwa mchezo dhidi ya Reading. Aliyechukua nafasi yake, Carlo Cudicini, akaumia naye, na nahodha John Terry, ambaye ni beki, akavaa glavu na kukaa langoni. Čech alirejea baada ya miezi mitatu hivi akiwa na kofia laini ya kukinga kichwa, ambayo aliendelea kuivaa mpaka alipostaafu mwaka 2019.

Malipo ya subira hiyo ni umri. Kwa kuwa ujuzi wa kujipanga hujengwa na mechi nyingi na hupungua polepole kuliko kasi ya miguu, kipa mara nyingi huendelea kucheza wakati mawinga wa rika lake wamekwisha kustaafu. Juma Kaseja wa Tanzania alikuwa langoni mwaka 2003, Simba ilipowavua ubingwa wa Afrika Zamalek kwa penalti jijini Cairo. Septemba 2019, miaka 16 baadaye, alikuwa tena langoni timu ya taifa, Taifa Stars, ilipoitoa Burundi kwa penalti jijini Dar es Salaam katika safari ya kufuzu Kombe la Dunia. Dino Zoff alitwaa Kombe la Dunia na Italia mwaka 1982 akiwa na miaka 40. Essam El-Hadary wa Misri alicheza fainali za 2018 akiwa na miaka 45, na katika mchezo dhidi ya Saudi Arabia aliokoa penalti.

Ujuzi huo unaweza hata kuhama mchezo. Lev Yashin wa Umoja wa Kisovieti, kipa pekee aliyewahi kushinda Ballon d'Or, mwaka 1963, alikuwa pia kipa wa mpira wa magongo wa barafuni katika klabu yake ya Dynamo Moscow kabla hajaamua kubaki na soka. Čech alikwenda kinyume chake: miezi michache baada ya kustaafu soka alisimama langoni kwa timu ya barafuni ya Guildford Phoenix nchini Uingereza. Lango la huko lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, kinachorushwa ni kisahani kigumu badala ya mpira, na kipa husogea kwa kuteleza badala ya kupiga hatua, lakini pembe anayoipunguza ni ileile.