Kupika Kuhe na Sangala Ili Kuepuka Kipindupindu

Mkulima, ununuapo kuhe au sangala sokoni Mwanga, macho yako hayawezi kukuambia kama samaki yule amebeba maradhi. Kijidudu cha kipindupindu huonekana kwa hadubini tu. Hukaa katika matumbo ya mtu, hutoka pamoja na choo, na mvua hukiteremsha ziwani. Mwezi wa Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, katika ufuko wetu huu huu, kipindupindu kiliua watu wapatao 30 kwa muda wa majuma machache.

Moto wa kutosha hukiua kijidudu hiki. Lakini nyama ya kuhe ni nene, nayo imeshikamana. Mawese huipa wekundu upesi, ikapendeza nje hali karibu na uti ingali mbichi. Basi usihukumu kwa rangi ya ngozi. Kata vipande visivyozidi unene wa vidole viwili, vichanje ubavuni, funika chungu, na mchuzi uchemke sana. Kisha fungua kile kipande kinene kuliko vyote mpaka mfupani. Nyama mbichi hung'aa kama ute wa yai. Iliyoiva huwa nyeupe kama muhogo uliochemshwa, nayo huachana na mfupa pasipo kuvutwa. Ndimu huondoa shombo, na ni nzuri. Ila haishiki nafasi ya moto.

Wengi hupika vema, kisha huiharibu kazi yao wenyewe. Kisu kilichopasua samaki mbichi hukatia kachumbari bila kuoshwa, au sahani husuuzwa kwa maji ya ziwa yasiyochemshwa, au mpakuaji ametoka chooni asinawe kwa sabuni. Kadhalika samaki wa jioni anayechukuliwa shambani kesho yake: kijidudu kikimwingia akiisha kupoa, huzaana humo usiku kucha. Mchemshe tena mpaka atoe mvuke hata ndani, ndipo umfunge.

Mtu akiharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele, usingoje kupambazuke, kwa maana aweza kufa kwa saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, koroga sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo, hata akitapika, huku mkimpeleka zahanati.