Zumari halijui mpaka: Kirumbizi kinavyounganisha Kismayu na Lamu

MPIGA zumari hujaza mashavu upepo, macho yake yakiwa kwenye miguu ya wachezaji. Mmoja anapoinua fimbo, sauti hupanda. Anaporudi nyuma hatua moja, sauti hushuka na kubaki vumi likiunguruma.

Hivyo ndivyo kirumbizi kinavyochezwa katika mwambao wa Wabajuni, kuanzia Kismayu na visiwa vya Koyama, Chovai na Chula nchini Somalia, hadi Kiunga, Kizingitini, Faza na Lamu upande wa Kenya. Ni ngoma ya harusi na sherehe, na kwa mfanyabiashara mgeni ni mlango mzuri wa kuwajua wenyeji.

Watu husimama duara. Wanaume wawili huingia kati, kila mmoja na fimbo yake. Huzungukana kwa madaha wakifuata mdundo, kisha mmoja hupiga na mwenzake hukinga. Si ugomvi. Anayetaka kuingia hupokea fimbo ya anayetoka, na mchezo huendelea bila ngoma kusimama.

Utamu wake wote uko katika mazungumzo hayo kati ya mchezaji na mpigaji. Mpiga zumari hodari huvuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kusukuma upepo, hivyo sauti haikatiki. Akiona wachezaji wamechangamka, hurefusha. Akiona wamechoka, huwapa nafasi. Muziki wa kwenye flashi hauwezi kufanya hivyo: wimbo huisha pale ulipoishia studio, hata kama duara ndiyo kwanza linapata moto.

Wapenzi wa dansi mbali na hapa wanaijua siri hiyo. Katika mtaa wa Harlem jijini New York, ukumbi wa Savoy ulifunguliwa mwaka 1926, na humo vijana weusi wakaikuza dansi ya lindy hop kwa muziki wa swing. Ukumbi ulikuwa na majukwaa mawili, bendi moja ikipumzika nyingine inaanza. Mwaka 1937 bendi ya Chick Webb ilishindana humo na ya Benny Goodman, na wachezaji ndio waliokuwa wakiwachochea wapigaji. Weusi na weupe walicheza sakafu moja wakati kumbi nyingi za Marekani ziliwatenga. Hadi leo wachezaji wa lindy hop husafiri mbali kufuata bendi inayopiga papo kwa papo.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mashindano yake. Kuanzia miaka ya 1890, vijana wa Lamu na Mombasa waliiga bendi za kijeshi za tarumbeta na kuunda beni, ngoma ya vyama vilivyoshindana kwa mavazi, vyeo na nyimbo. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliisambaza beni Tanganyika na kwingineko, ikibebwa na askari na wapagazi.

Wakati huo Kismayu haikuwa nchi ya kigeni kwa mtu wa Lamu. Jubaland ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya hadi mwaka 1925, ilipokabidhiwa Italia. Mstari ukachorwa kati ya watu wanaosema Kibajuni kimoja, wanaooana na wanaosafiri kwa pepo zilezile: kaskazi huwaleta kusini, kusi huwarudisha.

Pigo kubwa lilikuja baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Wabajuni, wavuvi wasio na silaha, waliporwa vyombo na nyavu. Wengi waliingia mashuani na kukimbilia Lamu, Malindi na Mombasa. Waliobaki Kismayu walipitia kipindi kingine kigumu kati ya mwaka 2008 na 2012, mji ulipokuwa mikononi mwa wapiganaji waliopiga marufuku muziki.

Ngoma haiandikwi daftarini. Kijana hujifunza zumari kwa kukaa karibu na mzee anayepiga, harusi baada ya harusi. Harusi zikinyamaza kwa miaka, si burudani pekee inayopotea. Fundi huzeeka bila mwanafunzi. Kwa sababu hiyo, duara linalopigwa Kizingitini au Mombasa ni hazina ya Koyama na Chovai pia.

Somalia ilikamilisha taratibu za uanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Lakini njia haijawa laini. Mei 2023, Kenya na Somalia zilitangaza kuufungua mpaka kwa awamu, Ras Kamboni kikiwemo miongoni mwa vituo; Julai mwaka huohuo mpango ukaahirishwa baada ya mashambulizi. Mwenye biashara anaihesabu hasara ya ahirisho kama hilo kwa shilingi. Familia ya Kibajuni huihesabu pia kwa jamaa wasiofika harusini.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kuonja ngoma hii, Lamu ni pa kuanzia. Kirumbizi huonekana wakati wa Maulidi, Mfungo Sita, na katika tamasha la utamaduni la mji huo. Harusi nyingi hufanyika kabla ya Ramadhani na baada ya Idi.

Adabu ni chache. Ukialikwa, simama dukeni kwanza, utazame. Usichukue fimbo kabla hujapewa. Usimpige mwenzako kwa nguvu. Sifa ni kukinga vizuri. Vugo, ngoma ya wanawake inayopigwa kwa pembe, ni ya wanawake: mwanamume hajipenyezi, na simu ya kupigia picha hubaki mfukoni mpaka wenyewe waridhie.

Na ukifurahi, mtuze mpiga zumari. Noti ndogo inayotolewa mbele za watu humwambia kijana anayetazama kwamba kazi hii ina mwenyewe na ina riziki. Tajiri wa samaki anayelipa spika ya kukodi kwa sababu ni rahisi afikirie pia gharama ya pili: mwaka ujao huenda hatapatikana wa kupiga.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Kwa Mbajuni, kwao ni Kismayu, ni Chula, ni Faza. Mpaka ukifunguka, atakayeshuka Ras Kamboni na mzigo wa kamba au nguo atafaa apakie na fundi mmoja wa zumari. Huko visiwani wapo vijana wanaoijua fimbo kwa kusimuliwa tu.